Drakula na mumiani wasiwekwe kapu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua, na nikuombe usiikate sana, maana jambo lenyewe lina vipande vingi. Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi ulibeba makala kuhusu wanyonya damu wa filamu na walikotoka. Kiswahili chake kitamu, lakini mambo manne ndani yake hayako sawa: kwamba wanavijiji wa kale wa Ulaya ya Mashariki waliamini mnyonya damu huteketea akipigwa na jua, kwamba imani hiyo ilizaliwa na porfiria, ugonjwa adimu wa damu, kwamba popo wanyonyao damu wamo katika imani hiyo tangu mwanzo, na kwamba mumiani wa kwetu ni Drakula yuleyule, ila amevaa kanzu. Matatu ya kwanza ni makosa ya kawaida, hata magazeti makubwa ya Ulaya huyarudia kila mwaka. La nne ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu lina hatari.

Nianze na makaburi, kwani bila hayo hakuna kinachoeleweka.

Mwaka 1718, kwa mkataba wa Požarevac, Austria iliichukua Serbia ya kaskazini kutoka kwa Waturuki. Imani ya maiti wanaorudi ilikuwapo pale karne nyingi kabla ya hapo, lakini sasa wakaja maofisa wenye kazi ya kuandika taarifa na kuzipeleka ngazi za juu. Ndiyo sababu tunazo habari za vijiji viwili kwa undani wa kutosha kubishania: Kisiljevo mwaka 1725, na Medveđa, kwenye bonde la Morava, majira ya baridi ya 1731 hadi 1732.

Kisiljevo, mkulima aitwaye Petar Blagojević alikufa akazikwa. Wiki 10 baadaye, katika muda wa siku 8, watu 9 wakafa, kila mmoja baada ya kuugua saa 24 tu. Kabla ya kukata roho walisema Petar aliwajia usingizini, akawalalia na kuwakaba. Tazama vizuri hapo, Mhariri. Hakuna meno yaliyochomoza na hakuna shingo iliyotobolewa. Kuna uzito kifuani na pumzi kubanwa. Msomaji wa pwani anajua hali hiyo bila kufundishwa: ni kukabwa na jinamizi. Mtu huzinduka akili ikiwa macho huku mwili bado umefungwa na usingizi, hawezi kuinua hata kidole, na mara nyingi huona kivuli cha mtu chumbani. Zanzibar na Pemba mwaka 1995 watu walilala nje makundi kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa, naye habari zake zilianza vivyo hivyo, na mtu kulemewa kitandani usiku.

Wanakijiji wa Kisiljevo wakamtaka ofisa wa serikali, Frombald, pamoja na padri, waende kaburini. Ofisa alitaka kusubiri ruhusa kutoka Belgrade. Wakamjibu kwamba kabla ruhusa haijafika kijiji kizima kitakuwa kimekwisha, na kwamba wao watahama. Akaenda. Taarifa yake ilichapishwa katika gazeti la Vienna Julai 1725, na ndani yake kuna orodha ya alichokiona: maiti hana harufu, mwili ni mzima isipokuwa pua iliyoporomoka kidogo, nywele, ndevu na kucha zimeota, ngozi ya zamani imebambuka na chini yake kuna ngozi mpya, mdomoni mna damu mbichi. Walipomchoma kigingi kifuani, damu ikatoka masikioni na mdomoni. Wakamchoma moto hadi akawa majivu. Frombald anamaliza kwa kuomba kwamba kama kosa limefanyika, asilaumiwe yeye bali kundi la watu waliopagawa kwa hofu. Ni sentensi ya mtumishi wa serikali anayelinda kibarua chake, na kwangu ndiyo inayonifanya niamini kwamba aliandika alichokiona.

Alichokiona kilikuwa cha kweli. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri. Kila kitu katika orodha ile hutokea kwa maiti yeyote wa kawaida, na kina sababu yake.

Damu mdomoni kwanza. Mtu akifa, bakteria wa utumbo hawafi naye. Wanaendelea kula, sasa wanamla yeye, na wanatoa gesi. Gesi haina pa kutokea. Tumbo linajaa, linasukuma kiwambo cha kifua juu, mapafu yanabanwa, na majimaji mekundu meusi yaliyojikusanya ndani yanapanda hadi mdomoni na puani. Kwa asiyejua, ni damu ya mtu aliyenyonywa jana. Gesi hiyohiyo hunenepesha. Medveđa walimfukua bibi mmoja wa miaka 60 aitwaye Milica, aliyejulikana kijijini kwa wembamba wake maisha yote, wakamkuta amejaa. Walioshuhudia walistaajabia unene huo kuliko jambo jingine lolote, wakasema ameupatia kaburini.

Nywele na kucha haziendelei kuota baada ya kifo. Ngozi hukauka na kurudi nyuma, kwa hiyo kilichokuwa kimefichika chini yake hujitokeza: ndevu huonekana ndefu kwenye kidevu, na kucha huonekana ndefu kwenye kidole. Ile ‘ngozi mpya’ nayo: tabaka la juu la ngozi huachana na la chini siku chache baada ya kifo, likabambuka kama la mtu aliyeungua maji ya moto, na kucha huondoka pamoja nalo. Panapobaki ni pekundu na laini, na macho yanayotafuta uhai yatauona.

Halafu kuna ulaini wa viungo. Wanavijiji walitegemea maiti awe mkakamavu. Ukakamavu huanza saa chache baada ya kifo, hukamilika kama saa 12 hivi, kisha huachia wenyewe baada ya siku moja hadi mbili au tatu, kutegemea joto. Maiti wa wiki 10 lazima awe laini. Kuhusu damu isiyoganda, iliyomtisha daktari aliyepasua maiti wa Medveđa: damu huganda baada ya kifo, lakini mara nyingi, hasa kwa aliyekufa ghafla, huyeyuka tena. Ukipasua unakuta maji mekundu. Na Arnold Paole wa Medveđa, nitakayemweleza chini, aliyesemekana kulia alipochomwa kigingi? Ukigandamiza kifua kilichojaa gesi, hewa hutoka kwa nguvu kupitia kooni, na sauti hutoka. Daktari yeyote wa chumba cha maiti ameshawahi kuisikia ‘pumzi’ hiyo anapomgeuza maiti.

Swali linalobaki ni muda. Kwa nini maiti wa wiki 10 awe katika hali ambayo sisi huku tunaijua kuwa ya siku chache? Hapo kuna kanuni ya kukadiria inayofundishwa kwa wanafunzi wa uchunguzi wa maiti, ya Mjerumani Johann Ludwig Casper wa karne ya 19: wiki 1 hewani ni sawa na wiki 2 majini, na ni sawa na wiki 8 ardhini. Kwa hesabu hiyo wiki 10 za Kisiljevo ni kama siku 9 za juu ya ardhi, na siku 40 alizokaa kaburini yule Paole ni kama siku 5. Punguza tena kwa baridi ya udongo wa Serbia mwezi wa Januari. Mzikaji wa Tanga au Kisumu hana namna ya kuyaona haya: joto ni kubwa, tunazika upesi, na hatuna desturi ya kufukua. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya maiti mnyonya damu kutoota mizizi kwetu, ingawa hilo ni wazo langu tu.

Medveđa ndiyo iliyoeneza habari duniani, basi niieleze kidogo. Kiini chake kilikuwa Arnold Paole, mlinzi wa mpaka aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni wa nyasi akavunjika shingo. Wakati wa uhai wake alikuwa akisimulia kwamba huko upande wa Waturuki alisumbuliwa na maiti mnyonya damu, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi lake na kujipaka damu yake. Akiisha kuzikwa, watu wanne wakafa na yeye akalaumiwa. Alifukuliwa baada ya siku 40, akachomwa kigingi na kuteketezwa. Miaka kama mitano ikapita. Kisha, ndani ya miezi 3, watu 17 wakafa, baadhi yao baada ya siku 2 au 3 tu za kuugua.

Jeshi likampeleka kwanza daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Glaser. Yeye hakuona ugonjwa wa kuambukiza. Alilaumu lishe duni na mfungo mkali wa Kanisa la Kiorthodoksi. Alikuta familia mbili tatu zimejazana nyumba moja usiku, wengine wanalala huku wengine wakikesha. Januari 1732 akaja daktari mpasuaji wa kikosi, Johann Flückinger, akafukua makaburi na kupasua maiti mmoja baada ya mwingine. Taarifa yake ilisambaa Ulaya nzima, na kufikia Machi mwaka huohuo magazeti ya London yalikuwa yakiizungumzia.

Jambo lililomsumbua Flückinger ni kwamba katika makaburi yaliyokaribiana, udongo uleule, wengine walikuwa wameoza kabisa na wengine hawajaoza. Alidhani hilo ni ushahidi. Siyo. Aliyekufa na maambukizi yaliyosambaa kwenye damu huoza haraka, kwa kuwa bakteria wamekwisha kufika kila mahali kabla ya kifo. Aliyekonda huchelewa kuliko mnene. Kaburi la kina kirefu huchelewesha kuliko la kina kifupi, na udongo wa mfinyanzi wenye maji huweza kugeuza mafuta ya mwili kuwa kitu kama sabuni, mwili ukabaki na umbo lake kwa miaka. Makaburi 10 ya mstari mmoja yatakupa maiti wa hali 10. Lakini ukifukua huku tayari unatafuta mhalifu, waliooza unawarudisha na wasiooza unawakata vichwa. Ndivyo walivyofanya. Majivu yakatupwa mtoni Morava.

Mbinu zenyewe zilikuwa na mantiki yake. Kigingi cha mti wa miiba hakikuwa silaha ya kumuua maiti tu. Kilimpigilia ardhini, na kikitoboa kifua kinaachia gesi, uvimbe unashuka, hivyo ‘matibabu’ yalionekana yamefanya kazi papo hapo. Huko Drawsko, Poland, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya karne ya 17 ikiwa imewekewa mundu shingoni, upande wa makali ukielekea koo: akijaribu kuinuka, anajikata mwenyewe. Huko Pień, nchi hiyohiyo, mwaka 2022 alipatikana mwanamke mwenye mundu shingoni na kufuli kwenye kidole gumba cha mguu. Kitunguu saumu kama kinga nacho ni cha zamani kweli, hapo makala yenu haikukosea. Kuchoma moto ndiko kulikokuwa mwisho wa yote, na ndiko kulikoshinda watu mara nyingi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mwili ni maji na maiti mmoja hula kuni kwa mamia ya kilo. Ndiyo maana sehemu nyingi walichoma moyo peke yake.

Marekani walichoma moyo. Exeter, jimbo la Rhode Island, msichana wa miaka 19 aitwaye Mercy Brown alikufa kwa kifua kikuu Januari 1892, baada ya mama yake na dada yake. Kaka yake naye akawa anakohoa. Mwezi Machi majirani wakafungua majeneza ya wote watatu. Wale wawili wa miaka ya nyuma walikuwa wamebaki karibu mifupa mitupu; Mercy, aliyekuwa amekaa kama miezi 2 ya majira ya baridi, alikuwa na damu moyoni. Daktari aliyekuwapo alisema wazi kwamba mapafu yana kifua kikuu na kwamba hali ya mwili ni ya kawaida. Hawakumsikiliza. Walichoma moyo na ini juu ya jiwe, wakachanganya majivu na maji, wakampa mgonjwa anywe. Akafa Mei 2. Robert Koch alikuwa ametangaza bakteria wa kifua kikuu Machi 1882, miaka 10 kamili kabla.

Hapo ndipo kiini cha imani kilipo: maradhi yanayopita ndani ya nyumba moja kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa aliyemuuguza. Wanavijiji waliona sawasawa kwamba wa kwanza kufa anahusika na vifo vinavyofuata. Walichokosa ni hadubini.

Sasa rudini kwenye makala yenu. Porfiria: nadharia hiyo ilitangazwa na mwanakemia mmoja mwaka 1985, akisema wagonjwa wake huungua na jua, ufizi hurudi nyuma meno yakaonekana marefu, na kwamba walikunywa damu kujitibu. Damu ikinywewa humeng’enywa tumboni kama nyama nyingine, haiwezi kutibu ugonjwa huo. Aina kali ya ugonjwa inayoharibu sura ni adimu mno. Wagonjwa waliowahi kuandikwa duniani ni mia chache. Na kubwa kuliko yote, maiti wa Kisiljevo hakuogopa jua wala hakuwa na meno marefu. Alikuwa na mwili mzima na ngozi mpya, amelala kaburini kwake. Nadharia ile inaeleza mtu wa filamu. Haimwelezi Petar. Wagonjwa wa porfiria wamelalamika tangu siku hiyo kwa kuitwa majina, na ninyi mmeongeza lingine.

Jua limetoka wapi? Limetoka kwenye filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, iliyohitaji namna ya kummaliza mhusika wake kwenye sinema. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 Drakula anatembea London mchana kweupe, na mwishoni anauawa kwa visu viwili, sio kwa kigingi. Mjane wa Stoker aliwashtaki waliotengeneza filamu ile kwa kutumia riwaya bila ruhusa, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Hazikwisha. Cheo cha ubwanyenye kilitoka kwa John Polidori, ambaye hadithi yake ilichapishwa mwaka 1819. Kabla ya hapo mnyonya damu alikuwa mkulima mwenye sanda iliyochafuka, na alianza na ndugu na majirani zake, sio mabinti wa mjini. Ile kola ndefu ya joho ni ya jukwaa la maigizo: ilificha kichwa cha mwigizaji alipozama kwenye tundu la sakafu ili ‘atoweke’. Na popo wanyonyao damu wako aina 3 tu, wote wa Amerika ya Kati na Kusini na Meksiko. Ulaya hawapo, Afrika hawapo. Mmoja hulamba vijiko vinne hivi vya chai kwa usiku, aghalabu kwa ng’ombe. Wao ndio walioitwa kwa jina la mnyonya damu, hawakumpa yeye jina. Popo wa mapango ya Amboni hawana haja na shingo ya mtu.

Hayo yangeisha hapo kama makala isingemwingiza mumiani.

Mumiani hakutoka kaburini. Katika habari zilizoenea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, mumiani ni mtu aliye hai, ameajiriwa, anatumwa kuchukua damu kwa ajili ya bosi wake, na damu hiyo inageuzwa dawa au kuuzwa. Nairobi na Kampala lawama zilianguka kwa wazimamoto, Zambia waliitwa banyama, Katanga, batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi mengi ya namna hiyo na kuyachapisha mwaka 2000, na ukiyasoma utaona vitu vilevile vinajirudia: gari lililofungwa, kazi ya usiku, sare, vifaa ambavyo hakuna aliyeeleza vya nini, shimo ndani ya jengo la serikali, mtu mweusi anayemtumikia mzungu kwa mshahara mzuri kuliko wa jirani zake. Ni masimulizi kuhusu ajira, serikali na hospitali, yaani kuhusu nani anachukua nini kutoka kwa nani. Wala hayakuwa upuuzi mtupu, maana watu walichomwa sindano na kutolewa damu katika kampeni za malale bila kuelezwa neno.

Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Kisiljevo kigingi kilimwingia mtu aliyekwisha kufa. Mumiani anapotajwa, mawe humwangukia aliye hai. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, kijijini Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Taarifa za wakati ule zilisema wito wa kuwakabili ulipita kwenye kipaza sauti. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi kwa tuhuma hizohizo, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Sasa fikiria gazeti linaloweka picha ya mtu mwenye meno ya mbwa na damu kidevuni juu ya neno ‘mumiani’. Kwa msomaji wa mjini ni mzaha wa Jumamosi. Likifika kijijini kama kipande kilichopigwa picha kwa simu, bila maandishi ya chini, ni ushahidi.

Kwa hiyo, badala ya Drakula, ningependa kuona mkiandika namna damu inavyofanya kazi, kwa vipimo. Mtu mzima ana kama lita 5. Anayechangia hutolewa mililita 450, na mfuko una kama mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda. Bila dawa hiyo damu huganda ndani ya dakika chache, ikawa bonge lisilofaa kwa lolote. Mfuko hukaa kwenye jokofu maalumu la nyuzi 2 hadi 6, na damu nzima hudumu siku 35 tu. Kabla ya kumfikia mgonjwa hupimwa kundi, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu iliyokingwa kwenye ndoo usiku, ya mtu asiyejulikana kundi, haina mnunuzi, kwa kuwa haina matumizi. Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone moja dogo la kidoleni. Chupa ya maabara ya mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Andikeni pia kwamba anayechangia hurudi baada ya miezi 3 akiwa mwanamume, 4 akiwa mwanamke, na kwa nini: mwili unahitaji muda wa kurudisha madini ya chuma.

Na uvumi ukizuka, kuna namna ya kuuandika na namna ya kuuchochea. Kichwa kisemacho ‘Wanyonya damu waonekana’ tayari kimewaonyesha. Andikeni nani anasema nini na polisi wamekuta nini, na msiandike rangi na namba za gari kabla ya kuuliza ni la nani. Gari lililotajwa Jumatatu huwa limeshachomwa moto Jumanne. Pigeni simu wilayani, muulize ni utafiti au chanjo gani inaendelea eneo hilo wiki hiyo, kisha mlichoambiwa mkiweke kwenye aya ya kwanza, sio ya mwisho. Waulizeni watafiti nao maswali magumu, maana wana sehemu yao: barua ilifika kwa mtendaji wa kata, lakini je, mwenyekiti wa kitongoji aliiona? Mkutano wa kijiji uliitwa? Mwenyeji yupo ndani ya gari? Kazi inafanyika mchana? Watu walielezwa ni matone mangapi, yanakwenda maabara gani, na majibu yatarudi lini? Barua inayoishia kwenye droo ya ofisi haimlindi dereva barabarani, na mtafiti anayechota udongo shambani kwa mtu bila kubisha hodi ameanza vibaya hata kama ana mihuri yote.

Ninaloliomba ni dogo. Chapisheni sahihisho kwenye ukurasa uleule wa Jumamosi, likitaja jua, porfiria na popo, na kwa toleo la mtandaoni ile picha iondolewe juu ya aya za mumiani. Aya zenyewe zikibaki, tukio la Chamwino liwekwe ndani yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Dodoma